Mtupime lakini mrudi: risala ya kikundi chetu cha Korogocho kwa mgeni wa heshima

Mgeni wetu wa heshima Profesa, chifu wetu, wazee wa mtaa, maCHP wenzangu, yaani wale wahudumu wa afya wa nyumba kwa nyumba, mwalimu wetu wa Jumamosi, wamama na vijana wote wenye mmeacha kazi mkakuja, Bwana asifiwe, na asalaam aleikum kwa ndugu zetu Waislamu. Mimi ndio katibu. Niliambiwa niandike kurasa mbili, nikaandika kwa simu jana usiku stima ikiwa imepotea na chaji iko asilimia 9, kwa hivyo mkiskia mahali sentensi inakimbia sana mjue hapo nilikuwa nashindana na simu isizime.

Prof, asante kwa kukubali kuja mpaka huku ndani. Wageni wetu wengi huishia pale kwa lami.

Kikundi chetu ni mama mboga, wauzaji wa githeri na chapo, CHP wanne, vijana watatu wenye hushika tableti nyumba kwa nyumba watafiti wakija, na mzee mmoja mwenye hatujui aliingiaje lakini hajawahi kosa mkutano. Tulianza juu ya swali moja. Mama mmoja alisema hivi, sisi tumeulizwa maswali miaka yote hii, kwani majibu huwa yanaenda wapi? Na alikuwa na haki, maana tangu 2002 wale wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya, wamekuwa wakihesabu mitaa hii miwili ya Nairobi, Korogocho na Viwandani, nani amezaliwa, nani amehama, nani ametuacha na ni ugonjwa gani ulimchukua. Kuna kijana ameketi pale nyuma alihesabiwa akiwa mtoto mchanga, saa hii ako na ID na ako na mtoto wake. Inawezekana kuna mtu ameketi Geneva anajua uzito wa watoto wetu kutushinda.

Ndio huyu mwanafunzi wako, sisi tunamwita mwalimu, akajitolea kutusomea tafiti kila Jumamosi saa nane kwa ile kanisa ya mabati, kwa Kiswahili, pole pole, na akikwama anachora kwa ukuta na chaki. Leo tunafunga hayo masomo na ndio sababu umeitwa.

Sasa wacha nikuambie tulisoma nini, juu naogopa ameripoti vizuri kuliko venye ilikuwa.

Tulianza na ile ripoti ya 1931, ya John Boyd Orr na daktari Gilks, mwenye alikuwa mkubwa wa matibabu kwa serikali ya mkoloni hapa Kenya. Walipima Wamaasai na Wakikuyu, wakapata wanaume wa Kimaasai ni warefu, wazito na wana nguvu zaidi, wakasema ni maziwa, nyama na damu, na hawa wengine wanakula nafaka na mizizi sana. Mama wetu mmoja wa kutoka Nyeri alikasirika karibu atoke. Lakini yeye ndiye aliuliza swali la maana siku hiyo, akasema, na mashamba yalikuwa yameenda wapi wakati huo, na wanaume walikuwa wanafanya kazi kwa nani? Mwalimu akanyamaza kidogo. Tena tukaskia wanawake wa Kikuyu walikuwa wanakula mboga za majani ambazo wanaume hawakuwa wanagusa, na afya yao haikuwa imeachwa nyuma sana na ya wanawake wa Kimaasai. Kumbe hata 1931 mama alikuwa anajua kenye anafanya kwa sufuria yake, ni vile tu kitu kilivuma ni urefu wa wanaume. Huyo Orr baadaye alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na akapata Nobel ya amani 1949, kwa hivyo hatumdharau. Tunasema tu mtu anaweza kupima mwili vizuri sana na asione maisha yenye iko nje ya huo mwili.

Ile ilitushika kabisa ni ya Embu. Hii lazima nikae nayo kidogo, chifu utanisamehe.

Kati ya 1998 na 2000 Profesa Charlotte Neumann wa UCLA, chuo kikuu cha huko California, na Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao walichukua shule 12 za msingi huko Embu, watoto wa darasa la kwanza, wakawapa githeri. Githeri, Prof! Mahindi na maharagwe, sio kitu imetoka Ulaya kwa pakiti. Shule zingine githeri na mafuta ya kuongeza, zingine githeri na glasi ya maziwa, zingine githeri na nyama ya kusaga, na zingine hazikupewa kitu ndio walinganishe. Wale wa nyama wakapanda kushinda wengine kwa ule mtihani wa kutumia akili kwa picha, misuli ikaongezeka, na hata wakati wa kucheza uwanjani ndio walikuwa wachangamfu na wanaongoza wenzao. Maziwa nayo ilisaidia urefu kwa wale wadogo wadogo na wenye walikuwa wamedumaa.

Mama githeri wetu alisimama akapiga vigelegele kama amefuzu yeye. Halafu akaketi akafikiria, akasema, sasa nyama nitatoa wapi na mimi nauza sahani bei yenye mnajua? Tukajaribu kuweka omena iliyosagwa. Watoto walikataa, harufu ilikuwa inafika mpaka kwa plot ya jirani, na hiyo wiki aliuza hasara. Mnaweza cheka lakini huo pia ni utafiti, ni vile tu haukuandikwa.

Halafu mwalimu akasoma ile sehemu inasema familia za wale watoto hawakupewa chakula walipewa mbuzi wa maziwa. Hapo ndio kanisa ililipuka. Mbuzi! Sisi tumeketi saa moja na nusu kujibu maswali tukapewa kipande cha sabuni, na wengine wakaambiwa sabuni imeisha. Prof usiogope, hatuombi mbuzi, hapa Korogocho tungemfunga wapi.

Tukaja kwa ile ya wamama wa huku kwetu, ya APHRC, ilitoka kama 2011, inasema watoto wenye walinyonyeshwa maziwa ya mama peke yake miezi sita kamili walikuwa asilimia 2 tu. Wawili kwa mia. Siku hiyo hakukuwa na kicheko. Wengine walisema ni uongo, halafu tukapiga hesabu sisi wenyewe pale ndani kwa kuinua mkono na hatukupenda kenye tuliona. Lakini mwenye anaandika hiyo namba ajue iko namna hii: mama amezaa, wiki ya tatu rent inadai, anaenda kusimama Eastleigh asubuhi kungoja kibarua ya kufua, mtoto anaachwa kwa nyumba ya kulea, na yule wa kulea ako na watoto kumi na mbili na chupa moja ya uji. Huyo mama anajua maziwa yake ndio bora. Ameambiwa kliniki mara nne. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea, sasa mwajiri wa kufua nguo kwa gorofa ya nne ataweka wapi, kwa ngazi?

Hizo za kitaifa nazipitia haraka. Watoto waliodumaa Kenya walikuwa asilimia 35 kwa ule uchunguzi wa 2008-09, ikashuka 26 mwaka 2014, halafu 18 mwaka 2022, na tulipiga makofi hapo maana si kazi ndogo. Tulisoma pia kuhusu unga wa pakiti kuwekwa vitamini na madini kwa sheria tangu 2012, tukajiangalia tu, juu wengi wetu tunapeleka mahindi kwa posho mili. Na ile sumu ya mahindi ya 2004 upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waligonjeka na 125 wakafariki, hiyo iliwapata wengine wetu nyumbani na sitaongea sana.

Managu na terere, hizi mboga zetu za kienyeji, tulipewa somo zima kupitia kazi ya Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT, mwenye mwili wake ulikuwa unakataa maziwa na mayai akiwa mtoto, akalelewa na mboga za kienyeji, na akaja kuzisomea mpaka mwisho. Ndio unaona yale magunia tumepanda mboga kando ya choo cha kanisa, hiyo ndio tuseme ilikuwa homuwaki yetu.

Sasa Prof, niingie penye panauma.

Kuna watu walikuja hapa miaka michache imepita, sitataja ni wa chuo gani. Wakapima watoto mkono na ule utepe wa rangi tatu, wakaandika kwa tableti, wakashukuru, wakaenda. Mmoja wetu mtoto wake alipimwa na hakuambiwa kitu. Wiki mbili baadaye CHP akapita na utepe wake, ukasoma sentimita 11.2. Wenye mnajua mnajua, chini ya 11.5 ni nyekundu, hiyo ni ya kukimbia hospitali. Mtoto alipona, yuko pale anasumbua. Lakini ile namba ilikuwa imekaa kwa tableti ya mtu siku kumi na nne, na mama yake alikuwa anampa chai na mandazi akidhani ni mtoto tu wa mwili mdogo.

Kwa hivyo ombi letu la kwanza ni hilo, namba ya mtoto aambiwe mama kabla tableti haijafungwa. La pili, matokeo yarudi. Karatasi moja, Kiswahili, isomwe kwa baraza ya chifu, hata kama inatusema vibaya, tutagombana lakini tutajua.

Na maswali yenyewe, Prof, mtushirikishe mkiyaandika. Mnauliza jana ulikula nini. Mkikuja Jumatatu jana ilikuwa Jumapili na kulikuwa na chapo, mkikuja tarehe 28 hakuna kitu kwa nyumba. Ukiuliza mama mbele ya jirani atakuambia nyama, na hata mimi ningesema nyama. Mnauliza nyumba hii ilipika mara ngapi, na huku watu wengi hawapiki, watoto wanapewa mbao, shilingi ishirini, wanajinunulia githeri ama mandazi njiani, mafuta tunanunua ya kupimiwa ya kumi kumi. Hao vijana wetu watatu wa tableti wanajua haya yote. Wao huulizwa tu kama wamejaza fomu.

La mwisho ni dogo: mwalimu wetu amalizie masomo yake salama, na akimaliza usimpeleke mbali.

Prof, hiyo managu kwa kiondo ni yako, imetoka kwa gunia la mama wa Nyeri na amesema lazima nitaje. Ukimaliza kuongea usikimbie. Tumechanga, na githeri ya leo iko na nyama.

Ni mimi katibu, kwa niaba ya kikundi.