Mwanangu analikataa ziwa la kushoto: niendelee kumbembeleza au nimwachie moja?

Kwa Mshauri wa Afya ya Mama na Mtoto,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkaazi wa kijiji kimoja katika Wilaya ya Wete, Pemba. Mtoto wangu wa pili, wa kiume, ametimiza miezi minne na, alhamdulillahi, tangu azaliwe hajatiwa kitu kinywani isipokuwa maziwa yangu na matone ya chanjo anayopewa kituoni. Shida iliyonifanya niandike ni kwamba ziwa la kulia hulinyonya kwa raha zote mpaka likalegea, lakini nikimgeuza kumpa la kushoto hujipinda mgongo, hulia, hunisukuma kifuani kwa ngumi, na hata akilikamata huliachia baada ya kulivuta kidogo tu. Dada yake alinyonya popote alipowekwa, kwa hiyo malezi yake hayakunifundisha lolote kuhusu jambo hili.

Nianze na hali ya ziwa lenyewe. Ndani ya arubaini lilivimba, likawa jekundu na la moto, nikapata homa na nikatibiwa. Mkunga alinitaka niendelee kunyonyesha, na ndivyo nilivyofanya. Alinieleza kuwa ziwa likipatwa na uvimbe wa namna ile maziwa yake huweza kuwa na ladha ya chumvi kwa muda, mtoto akaihisi, kisha hali hiyo huondoka. Maumivu yamekwisha zamani. Nimejipapasa kwa makini na sikukuta donge, maana nafahamu kwamba mtoto akilisusa ghafla ziwa alilolizoea, na ndani yake mkawa na uvimbe usioondoka, mama anapaswa kwenda kupimwa bila kuchelewa. Chuchu ya kushoto ni fupi kuliko ya kulia, na maziwa ya upande huo huchelewa kushuka. Kwa kuwa ziwa hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa, la kulia limekuwa kubwa na la kushoto limesinyaa, hata tofauti inaonekana juu ya nguo, ingawa hilo la sura halinishughulishi sana.

Linalonishughulisha ni jambo nililoligundua hivi karibuni. Nikimpakata kwa namna ya kawaida upande wa kulia, kichwa chake kikiwa kwenye kiwiko cha mkono wangu wa kulia, mtoto hulalia ubavu wake wa kushoto. Nikimhamishia upande wa pili kwa mpakato huohuo, inambidi alalie ubavu wake wa kulia, na hapo ndipo kilio kinapoanza. Lakini nikimsogeza taratibu kutoka ziwa la kulia hadi la kushoto bila kumgeuza, miguu yake ikapita chini ya kwapa langu la kushoto, mara nyingi hulipokea ziwa lilelile alilolikataa muda mfupi uliopita, na hunyonya mpaka nikasikia anameza. Kama kasoro ingekuwa katika maziwa, naamini angeyakataa kwa mpakato wowote. Nimeona pia kwamba akilala hupenda kuelekeza uso upande uleule mmoja, na kisogo chake kimeanza kuwa bapa kwa upande huo. Uchungu wa kumzaa ulikuwa mrefu na mabega yake yalichelewa kutoka. Je, yawezekana misuli ya shingo imekaza upande mmoja, au kuna maumivu ya bega, au hata ya sikio la kulia analolilalia ninapomgeuza?

Nilipompeleka kituoni, muuguzi alimtazama kinywani na hakuona utando mweupe, akampima, na mstari wa uzito katika kadi yake unapanda vizuri. Anakojoa mara nyingi na mkojo wake ni mweupe. Shingo na masikio hayakuangaliwa, kwa kuwa foleni siku hiyo ilikuwa ndefu na mimi mwenyewe nilikuwa bado sijaligundua hili la mpakato.

Nyumbani, mavyaa wangu ana maoni yake. Anaamini, kama wanavyoamini wazee wengi huku kwetu, kwamba ziwa moja huwa la chakula na la pili la maji, kwamba langu la kushoto limeharibika tangu lile joto la arubaini, na kwamba maziwa yake yafaa kukamuliwa na kumwagwa. Anasema mtoto wa ziwa moja hashibi, hivyo aanzishiwe uji mwepesi wa mchele na maziwa ya ng'ombe. Namheshimu mno, kwani ndiye aliyenikanda na kunilea katika uzazi wangu wote wawili, wala sitaki kumjibu neno litakalomuumiza. Hata hivyo siwezi kukubaliana naye. Kila ziwa hutoa maziwa mepesi mwanzoni na mazito yenye mafuta zaidi kadiri linavyonyonywa, na wapo mama wa mapacha wanaompa kila mtoto ziwa lake, wakakua wote wawili. Lau ziwa moja lingekuwa la maji matupu, pacha mmoja asingenenepa kamwe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine mpaka miaka 2 au zaidi. Nami nimenuia kumtimizia miaka miwili kamili iliyotajwa katika Suratul Baqara.

Naomba basi unisaidie kwa haya. Kwanza, iwapo mtoto atashikilia ziwa la kulia peke yake, litamtosha mpaka atimize miezi sita? Kwa kuutazama uzito wake naona litamtosha, lakini nahitaji neno la mjuzi nitakaloweza kulipeleka kwa mavyaa wangu, pamoja na ushauri wa namna ya kulisema kwa adabu. Kwa sasa humpa la kushoto anapokuwa na usingizi, kabla njaa haijamzidi, na akilikataa hulikamua kwa mkono nikampa maziwa hayo kwa kikombe. Je, niendelee hivi ili lisikauke, na nikamue mara ngapi kwa siku? Na kama ni afadhali kuliacha, nilipunguze vipi polepole, maana nachelea likijaa ghafla litavimba tena kama mwanzo?

La mwisho ndilo lenye haraka. Mavyaa wangu ametaka kumwita mkandaji amnyooshe mtoto shingo kwa mafuta ya nazi. Kupakwa mafuta na kupapaswa sina neno nalo, lakini kuvutwa na kupindwa shingo kwa nguvu kunanitia hofu kubwa, na nimeomba tungoje kwanza. Mume wangu yuko Unguja kikazi na ameniachia uamuzi. Je, dalili nilizozieleza zinatosha kunipeleka hospitali ya Chake Chake akapimwe shingo, bega na masikio, na nikifika huko nimwombe daktari aangalie nini hasa? Na mpaka nitakapompeleka, kuna namna salama ya kumlaza au kumchezesha itakayomfanya ageuze kichwa mwenyewe kuelekea upande asioupenda?

Wabillahi tawfiq.

Mama wa watoto wawili,
Wete, Pemba.