Barua ya kujitoa inasainiwa na nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua, na nitajitahidi nisiwachoshe ingawa najua nitawachosha. Wiki iliyopita msomaji mwenzangu aliandika humu kwamba Uingereza ilipotaka kutoka Umoja wa Ulaya majaji waliwanyang'anya wananchi kura yao, akamalizia kwamba na sisi siku tukitaka kutoka Jumuiya ya Afrika Mashariki basi tusihangaike na bunge wala mahakama, rais aandike barua moja yaishe. Barua hiyo ilisomwa kwa sauti hapa kijiweni kwetu Chumbageni tunapokunywa kahawa, watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nimefanya kazi ya ukarani mahakamani miaka 26 mpaka nastaafu, na nimeona mara nyingi tu watu wawili wanabishana toka asubuhi mpaka jioni kumbe kila mmoja anajibu swali lake.

Ile kesi ya Uingereza haikuuliza nchi itoke au ibaki. Iliuliza nani ana ruhusa ya kuandika barua. Basi, hilo tu.

Kura ya maoni ilipigwa 23 Juni 2016, waliosema watoke asilimia 51.9, waliosema wabaki 48.1, yani milioni 17.4 kwa milioni 16.1. Sheria iliyoitisha kura hiyo, ya mwaka 2015, ilisema kura ipigwe na swali ni hili hapa, halafu ikanyamaza. Haikusema wakisema watoke serikali ifanye nini, lini, kwa idhini ya nani. Ukiniuliza mimi uzembe wote ulianzia hapo manake David Cameron, waziri mkuu wa wakati huo, aliitisha kura akiwa na uhakika atashinda, mtu mwenye uhakika wa kushinda haandiki akishindwa itakuwaje. Aliposhindwa akajiuzulu, akamwachia Theresa May mzigo.

May akasema mimi ni waziri mkuu, mambo ya mikataba na nchi za nje ni ya serikali toka enzi za wafalme, nitaandika mwenyewe ile barua ya Ibara ya 50. Hiyo ibara ipo kwenye mkataba wa Umoja wa Ulaya, inasema nchi itakayotaka kujitoa itatoa taarifa kwa kufuata utaratibu wa katiba yake yenyewe, na barua ikishafika saa inaanza kuhesabu, miaka miwili, ikiisha uko nje iwe mmepatana au hamjapatana, labda wanachama wote wakubali kukuongezea muda. Sasa hapo kwenye "utaratibu wa katiba yake" ndo kasheshe, manake Uingereza haina kitabu kimoja cha katiba unachoweza kukifungua ukaweka kidole kwenye mstari.

Akatokea mama mmoja mfanyabiashara, Gina Miller, mzaliwa wa Guyana, pamoja na mwenzake ambaye kazi yake ni kutengeneza nywele, wakaenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa nyepesi. Haki ambazo Mwingereza alizipata kwa kuwa ndani ya Ulaya ziliingia nchini kwa sheria ya bunge ya mwaka 1972, sasa waziri hawezi kuja na barua akakiondoa kitu ambacho bunge ndo lilikiweka. Kwa lugha ya kwetu huku, baba anaweza kusaini barua zote za nyumba, barua ya maji, ya umeme, ya mwenyekiti wa mtaa, lakini akienda benki kuiweka nyumba ya ndoa rehani ataulizwa ridhaa ya mkeo iko wapi. Kuulizwa hivyo siyo kukatazwa. Nimeshaona wanaume wanagombana na afisa wa benki kwa swali hilo kama vile wametukanwa.

Na Waingereza nao waliona wametukanwa. 3 Novemba 2016 majaji watatu wa Mahakama Kuu walipompa ushindi Miller, kesho yake gazeti la Daily Mail likaweka picha za majaji hao ukurasa wa mbele na kichwa cha habari kwamba ni maadui wa wananchi. Nadhani ndugu yangu wa wiki iliyopita bado anasoma gazeti lile la siku ile. Serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Juu wakakaa majaji wote 11, na 24 Januari 2017 wakasema vilevile, wanane kwa watatu, kwamba lazima bunge litunge sheria kwanza.

Wale watatu waliopinga nao hawakuwa wajinga, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu watu wakisimulia hii kesi huwa wanawaruka. Wao walisema ile sheria ya 1972 ni kama bomba tu, bunge lilitandaza bomba ili maji yanayotoka Ulaya yaingie nchini, lakini haikuahidi kwamba maji yatatoka daima, uanachama ukikatika bomba linakauka na hakuna sheria iliyovunjwa. Wale wanane wakasema hapana, hili siyo bomba tu, hiki ni chanzo kizima cha sheria za nchi na chanzo kama hicho hakifungwi na waziri kwa kalamu. Mimi niko na wale wanane, lakini ukiniamsha usiku wa manane ukaniuliza nani alikuwa na hoja safi zaidi kwa mantiki peke yake nitasita.

Haya, bunge likapewa. Je lilizuia? Serikali ikapeleka muswada mfupi wa vifungu viwili, Bunge la Makabwela wakaupigia kura mara ya kwanza 498 kwa 114, Malkia akasaini katikati ya Machi, na 29 Machi 2017 barua ikakabidhiwa mkononi kwa Donald Tusk, rais wa Baraza la Ulaya, kule Brussels. Toka hukumu ya mwisho mpaka barua ni miezi miwili na siku tano. Hizo ndo siku ambazo kura ya wananchi "ilinyang'anywa". Kwetu kuna mashauri ya mpaka wa shamba yanaahirishwa zaidi ya hapo kwa sababu shahidi ana mafua.

Tena mimi lawama zangu naziweka kwa wabunge, siyo majaji. Walipiganiwa mahakamani wakakabidhiwa ufunguo, wakaurudisha kwa serikali haraka haraka bila kuuliza tunatokaje, kwa mpango gani, mpaka na Ireland, jirani anayebaki Ulaya, utakaaje. Wakaja kushtuka baadae saa ishaanza kuhesabu. May alipoleta bungeni dili lake la kutoka 15 Januari 2019 likakataliwa 432 kwa 202, akalileta tena likakataliwa, na tena likakataliwa. Hiyo fujo yote mliyokuwa mnaiona kwenye TV, spika anapiga kelele za kutaka utulivu, haikuletwa na mahakama, ililetwa na watu waliokubali safari kabla ya kuuliza nauli.

Kuna jingine dogo. Kwenye kesi ileile Scotland ilitaka isikilizwe, manake wao asilimia 62 walisema wabaki. Majaji wote 11 wakasema bunge la Scotland halina kura ya kuzuia, desturi ya kuwaomba ridhaa ipo lakini ni ya kisiasa, mahakama haiisimamii. Nilipoisoma hiyo nikaikumbuka Zanzibar na OIC, ile jumuiya ya nchi za Kiislamu, ilivyojiunga mwishoni mwa 1992 na mwaka uliofuata ikatoka kwa sababu mambo ya nje ni ya Muungano. Nchi iliyomo ndani ya muungano ikiwa na moyo wake kwenye umoja mwingine inapata tabu popote pale. Naishia hapo, hii habari ina wenyewe.

Sasa swali la pili, nalo lilikwenda mahakamani. Barua ikishapelekwa, je unaweza kuirudisha? Ibara ya 50 haikusema. Wanasiasa wa Scotland wakafungua kesi kwao, ikapelekwa mpaka mahakama ya Ulaya kule Luxembourg, na 10 Desemba 2018 ikajibiwa kwamba ndiyo, nchi inaweza kuifuta barua yake yenyewe bila kuomba ruhusa kwa wengine ilimradi haijatoka rasmi. Serikali ya May haikuitaka hata hiyo kesi isikilizwe. Ilikuwa haina mpango wa kufuta barua na haikutaka mtu ajue kwamba inafutika.

Halafu akaja Boris Johnson, waziri mkuu baada ya May. Yeye Agosti 2019 akamshauri Malkia alifunge bunge wiki tano, wakati tarehe ya kutoka ilikuwa 31 Oktoba, yani wabunge wabaki na siku chache tu za kuuliza maswali. Mahakama ya Juu ikasema 11 kwa sifuri kwamba ushauri ule haukuwa halali, bunge halikuwahi kufungwa, ile amri ni sawa na karatasi tupu. Jaji kiongozi Lady Hale aliisoma hukumu kavaa bruchi kubwa ya buibui begani, dunia nzima ikaongea buibui kuliko hukumu. Mimi hukumu hiyo niliiprinti steshenari nikalipia kwa hela yangu ya pensheni, mke wangu akadhani nimerudishwa kazini.

Ila kichekesho cha karani ni kilichofuata. Bunge lilikuwa limeshatunga sheria ya kumlazimisha Boris aandike barua ya kuomba kuongezewa muda kama hajapata makubaliano yaliyopitishwa. Yeye alishasema bora afe mtaroni kuliko kuomba. Ilipofika 19 Oktoba akaipeleka fotokopi ya barua iliyomo kwenye sheria, bila sahihi yake, halafu akaambatanisha nyingine aliyoisaini inayosema anaona kuahirisha ni kosa. Jamani! Mimi masijala barua isiyo na sahihi nilikuwa naigonga muhuri wa kupokelewa halafu naiweka pembeni nasubiri mwenyewe aje. Wazungu wa Brussels waliipokea, wakaongeza muda mpaka 31 Januari 2020. Desemba ukafanyika uchaguzi, Boris akashinda kwa wingi wa viti 80, na tarehe ileile 31 Januari wakatoka. Wametoka, ndugu yangu. Hakuna jaji aliyewafungia.

Msomaji anaweza kuniambia hayo ni ya Wazungu. Siyo kweli. Oktoba 2016 serikali ya Afrika Kusini ilipeleka barua kujitoa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai bila kupitia bungeni, na 22 Februari 2017 Mahakama Kuu ya Pretoria ikasema barua hiyo ni batili, swali lilelile la Miller, mwezi mmoja baadae. Na Mali, Burkina Faso na Niger, zinazotawaliwa na wanajeshi, 28 Januari 2024 zilitangaza zimetoka ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, hapohapo, wakati mkataba wa ECOWAS unataka taarifa ya mwaka mzima, ECOWAS nayo ikahesabu mwaka wake taratibu mpaka 29 Januari 2025. Bunge gani lililochaguliwa na wananchi liliulizwa? Hapakuwa na wa kumuuliza.

Na sisi je? Hapa ndipo nilipotaka kufika toka mwanzo. Mkataba wetu uliosainiwa Arusha 30 Novemba 1999 una Ibara ya 145. Inasema nchi mwanachama inaweza kujitoa endapo bunge lake la taifa limeazimia hivyo kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, siyo waliohudhuria siku hiyo, wote. Kisha inatoa kwa Katibu Mkuu taarifa ya maandishi ya miezi 12, isipokuwa kama itaifuta taarifa hiyo kabla miezi haijaisha. Na ukishatoka bado unadaiwa madeni na ahadi za muda mrefu ulizoingia ukiwa ndani. Yani maswali mawili yaliyowapeleka Waingereza mahakamani mwaka baada ya mwaka, nani anaamua na je barua inafutika, kwetu yamejibiwa kwenye mistari michache. Nadhani walioandika walikuwa bado wana harufu ya moshi wa 1977, Jumuiya ya kwanza ilivunjika bila utaratibu, mali zikaja kugawanywa kwa makubaliano ya 1984, na wastaafu wake tumewaona Dar wakiandamana na kushinda mahakamani miaka na miaka kudai mafao.

Kwa hiyo ndugu yangu anapotaka rais aandike barua moja yaishe, anaomba kitu ambacho mkataba tuliosaini hauruhusu. Pale kijiweni kijana mmoja akanijibu, mzee theluthi mbili siyo kitu, chama kikiwa na wabunge karibu wote rais akitaka anazipata kabla ya chai ya saa nne. Kwa kweli sikuwa na jibu zuri, na bado sina. Nilimwambia tu kwamba angalau majina yao yatakuwa kwenye hansadi, nani alisema ndiyo na nani alisema siyo, na mjukuu wake atayasoma. Akacheka.

Ombi langu, Mhariri, mkipata nafasi chapisheni hiyo Ibara ya 145 yote kwa Kiswahili, hata kwenye kona kule chini karibu na matangazo ya viwanja. Muuza kahawa wetu kasema ikitoka ataikata aibandike ukutani juu ya jiko, na kikombe cha siku hiyo hatanidai.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Karani mstaafu,
Chumbageni, Tanga