Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanaudugu

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Amani na mema.

Kanuni yetu sisi Wafransiskani walei inakiita cheo hiki mhudumu, lakini tangu mnichague mmeng'ang'ania kuniita mwenyekiti, nami nimechoka kuwasahihisha. Haya, nitasoma kama mwenyekiti. Mnihukumu kama mhudumu.

Naanza na kitabu cha mahudhurio, maana humo ndimo ilimo aibu yetu ya mwaka. Katibu ana utaratibu wake: aliyehudhuria anapata alama ya vema kwa wino wa bluu, asiyekuwepo bila taarifa anapata herufi H kwa wino mwekundu. Katikati ya mwaka mstari wa dada yetu mmoja ulikuwa na H nne mfululizo, zimenyooka kama zimepigiwa rula. Miezi minne. Halmashauri ilikutana kila mwezi, kitabu kikafunguliwa, kikasainiwa, kikafungwa. Aliyesaini ni mimi. Hakuna aliyeuliza.

Wakati sisi tunaandika H, mwenzetu alikuwa anamuuguza mumewe, anamgeuza kitandani usiku kucha peke yake. Habari tulizipata kwa mtu wa nje, asiye Mfransiskani, aliyezungumza akidhani tunajua. Nilipofika kwake nilitegemea lawama. Alinivutia kiti, akanikaribisha, akasema taratibu, "Nilidhani mmeshanifuta." Ameniruhusu niyaseme haya mbele yenu. Jina silitaji.

Kanuni tunayoifuata, aliyoithibitisha Papa Paulo VI tarehe 24 Juni 1978, ina namba 26 tu. Namba ya 24 inaitaka halmashauri iandae mikutano ya mara kwa mara, na inataja shabaha yake: kukuza umoja wa ndugu. Sisi tukakuza mikutano. Tulianza kwa saa, tukafunga kwa saa, kumbukumbu zikaandikwa vizuri ajabu, na mtu akapotea mikononi mwetu.

Mnaikumbuka habari ya yule ndugu aliyelia usiku, siku za mwanzo kabisa za utawa, kwamba anakufa. Wenzake walipoamka, kumbe ni njaa. Alijinyima kupita kiasi. Baba yetu Fransisko wa Assisi hakumpa mawaidha wala hakumpelekea chakula pembeni. Aliandaa meza, akaketi kula naye, na ndugu wengine wakala pia, asije akaona haya kula peke yake. Kila nikiifikiria habari hii naona kwamba aliyekuwa na njaa alilia, na wengine walikuwa wamelala karibu kiasi cha kumsikia. Dada yetu alikuwa mbali na masikio yetu.

Basi tumegawana majina. Kila mjumbe wa halmashauri ana watu wake, na asiyeonekana mkutanoni anapitiwa nyumbani kabla ya wiki kuisha. Ujumbe wa simu hauhesabiki. Nakiri utaratibu huu una vituko vyake: ndugu mmoja alipigiwa hodi na wageni watatu wenye nyuso za msiba, kumbe siku ile alipitiwa na usingizi tu. Alicheka. Hajakosa mkutano tangu hapo, sijui ni kwa upendo au kwa kuogopa ugeni.

Jambo la pili ni ugomvi wa ndugu wawili, ambao nyote mliujua na hakuna aliyeutaja. Ulianza na ufunguo wa kabati la vitabu vya sala, nani akae nao, ukaishia kwenye watu kuchagua upande wa kukaa. Mwaka 2025 tuliadhimisha miaka 800 ya Wimbo wa Viumbe, ule wa kumsifu Mungu kwa viumbe vyake. Fransisko aliutunga mwaka 1225, mgonjwa, macho yamekaribia kupofuka. Baadaye akasikia kwamba askofu wa Assisi amemtenga mtawala wa mji na Kanisa, na mtawala naye amewakataza watu kuuziana chochote na askofu. Akaongeza ubeti juu ya wanaosamehe, akawatuma ndugu wakauimbe mbele ya wale wakubwa wawili. Wakapatana.

Sisi nasi tuliuimba ubeti ule, na hawa wetu wamekaa kila mmoja ukuta wake. Ningependa kuwaambia walikumbatiana palepale. Wapi! Kila mmoja alitoka kwa mlango wake. Wiki tatu baadaye mmoja alikwenda kwa mwenzake jioni, ufunguo umo ndani ya bahasha, akiwa na nia ya kuukabidhi mlangoni na kuondoka. Mwenye nyumba akakataa kuupokea mpaka mgeni aingie ndani. Waliagana usiku sana. Ufunguo sasa unaning'inia kwenye msumari, yeyote auchukue.

Malezi ya wanaojiandaa kujiunga nasi, kwa kifupi. Watatu wameweka ahadi ya kuishi Kanuni yetu, ambayo kama mjuavyo ni ya maisha yote. Wawili waliacha kabla ya kufika huko. Mlezi alipendekeza niandike "sababu binafsi", lakini mmoja wao aliniambia alikuja kutafuta ndugu, akakuta darasa. Naona hilo halikuwa lake binafsi.

Hesabu atazisoma mtunza hazina. Mimi nasema moja tu: tuligundua kuna waliokaa nyumbani kwa kuona aibu ya michango wanayodaiwa. Namba ya 25 inasema kila mtu atoe kwa kadiri ya uwezo wake, kwa hiyo halmashauri imefuta madeni yote. Mtunza hazina alipinga, akashindwa kwa kura, kisha akajitolea yeye mwenyewe kwenda kuwaambia wahusika. Namshukuru kwa yote mawili.

Mwaka huu ipo jioni nilitaka kuachia ngazi. Msaidizi wetu wa kiroho alinipa nisome barua ya Fransisko kwa mhudumu mmoja aliyechoshwa na ndugu zake, akitamani kukimbilia upweke. Fransisko hakumruhusu. Alimtaka awe mtu ambaye ndugu yeyote aliyekosa, hata akosee vipi, asiondoke machoni pake bila kuona huruma. Niliirudisha barua kesho yake, nikaenda kwenye kikao.

Muhula wetu wa miaka mitatu unamalizika, hivyo mkutano mkuu ujao ni wa uchaguzi. Fikirieni majina, na mwaka huu msianze na wanaojua kuongea.

Kitabu cha mahudhurio kiko mezani karibu na mlango. Kalamu nyekundu nimeiondoa. Kuna safu mpya: mbele ya jina la asiyekuwepo, andikeni jina la atakayempitia.