Msimfungie mama biashara kisa kazeeka

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na ndugu zangu wanaopanda kuja huku Moshi kila Krismasi. Mnafika mnamkuta mama bado anauza ndizi Kiboriloni, mnaona aibu, mnamwambia mama umehangaika vya kutosha sasa kaa upumzike, mnamnunulia TV na king'amuzi, mnamtafutia dada wa kazi halafu hao mnarudi zenu Dar. Nia nzuri, sikatai. Ila yule mama alikuwa anabeba kichwani nani kachukua mkungu wa mshare kwa mkopo, nani kalipa nusu, nani ni wa kumkopesha na nani ni msumbufu, bei ya juzi na ya leo, huku anapiga stori na wenzake kutwa nzima. Leo hata chumvi anatumwa dada.

Wataalamu wana kitu wanaita akiba ya ubongo. Mwaka 1988 daktari Robert Katzman wa Marekani na wenzake walichunguza ubongo wa wazee waliofariki, wakakuta baadhi wana alama za Alzheimer, ugonjwa mkubwa kati ya yale yanayopoteza kumbukumbu uzeeni, lakini walipokuwa hai akili zilikuwa timamu kabisa. Kumbe ugonjwa unaweza kuwepo na ubongo uliozoea kazi ukatafuta njia nyingine za kupita. Shule inajenga hiyo akiba, kazi ya kufikirisha inajenga, kukaa na watu pia, na ukubwani bado inajengeka.

Sisemi meza ya ndizi ni dawa, ugonjwa wenyewe bado hauna dawa ya kuuponya. Na hii akiba ina mambo yake, inachelewesha dalili tu, ugonjwa unaendelea chini kwa chini, ndo maana mwalimu mstaafu anaweza kuonekana yuko fiti kwa muda mrefu halafu akishaanza kupotea anateremka haraka mpaka ukoo unaanza kuulizana kalogwa na nani. Mtu wa hivyo akianza kukosea chenji msicheke mkasema uzee, mpelekeni hospitali.

Na wanaosema ni ugonjwa wa Wazungu, hapo wilaya ya Hai tu watafiti walishapima wazee wa miaka 70 kwenda juu wakakuta kama 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, uwe Alzheimer au wa aina nyingine.

Ripoti ya jarida la Lancet ya 2024 inasema karibu asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeweza kukingwa au kucheleweshewa, na kwenye visababishi kuna presha, sukari, upweke, macho na masikio. Masikio jamani! Sisi bibi akiwa hasikii tunapiga kelele mara mbili tatu, tunachoka, tunaacha kumwongelesha.

Mkitaka kumsaidia mama mlipieni kijana wa kubeba mikungu, mpimeni presha na masikio, hela na madeni yake mwachieni mwenyewe. Na mhariri kama utaitoa hii barua itoe kabla ya Desemba, mabasi ya kutoka Dar hayajaanza kujaa.

Msomaji wako,
Moshi