Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: mwaka 2025 na Land Rover ya Nyasaka

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inanitaka nisome taarifa ya mwaka mbele yenu, nanyi mpige makofi au mniulize maswali. Safari hii naomba maswali yazidi makofi. Karibu kila shilingi na kila Jumamosi ya chama chetu cha magari ya zamani ilikwenda mahali pamoja, kwenye Land Rover iliyo nyuma ya nyumba ya mwenzetu huko Nyasaka, hapa Mwanza, na si wote mliokubaliana na jambo hilo. Hata mimi mwanzoni sikulikubali.

Mengine niyamalize haraka. Tulianza mwaka tukiwa 21, tumeumaliza tukiwa 27. Vikao vya kawaida vilifanyika 9 badala ya 12; vitatu havikutimiza akidi, na kimoja kati ya hivyo sababu yake ilikuwa mpira kwenye televisheni, nisifiche. Maonyesho ya magari ya zamani tuliyoyapanga Capri Point hayakufanyika. Julai tulikwenda kwa msafara kulitazama Daraja la J.P. Magufuli, lililozinduliwa Juni 19. Magari saba yalitoka Kigongo hadi Busisi na kurudi, na Peugeot 404 ya katibu ikachemsha njiani kama kawaida yake. Wale tuliozoea kulala foleni ya kivuko tulijiona kama tumeibiwa hadithi zetu: kilomita 3 za maji, unazimaliza kabla hujamaliza kubishana. Mwenzetu wa Nyasaka alikuwa abiria wangu siku hiyo. Katikati ya daraja akaniomba nisimame. Nikamwambia hairuhusiwi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nitarudi na langu."

Hilo "langu" ndilo taarifa yenyewe.

Figo zake zilishindwa kazi mwishoni mwa 2024. Tangu hapo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa yuko hospitali ya Bugando kwenye mashine ya kusafisha damu, saa nne kila mara, ukiacha kwenda, kusubiri na kurudi. Siku hiyo ikiisha, hana nguvu ya kufungua hata kizibo cha chupa. Februari ndipo wazo la kumsaidia kumaliza gari lake lilipoletwa kikaoni, nami nikalipinga. Nilisema fedha ziende kwenye matibabu, chuma kisubiri. Kikao kikanituma mimi na mweka hazina tukaongee na shemeji yetu, mke wake. Alitusikiliza hadi mwisho, akatuandalia chai, kisha akasema hivi: siku za mashine anaamka kwa sababu ni lazima; siku zile nyingine haamki. Mambo ya hospitali familia imejipanga. Kama tuna mikono, tuilete kwa hizo siku nyingine. Nilirudi kikaoni nikaifuta hoja yangu, na naomba ibaki hivyo kwenye kumbukumbu.

Kwa wanachama wapya sita, ambao wawili wameniuliza hotrodi ni nini. Ni gari la zamani lililovuliwa kila kisichohitajika, likashushwa chini, paa likapunguzwa kimo, kisha likapandishiwa injini yenye nguvu kuliko ile ya kiwandani. Walioanza ni vijana wa California, Marekani, miaka ya 1930. Walinunua Ford za mtumba, wakang'oa madigadi na bampa, wakaenda kushindana kwenye uwanda wa ziwa lililokauka, kama Muroc, na mwaka 1937 klabu zao zikaunda shirikisho ili mashindano yawe na utaratibu. Ford ndiye aliyewapa mwanya: mwaka 1932 alitoa gari la bei ya mtu wa kawaida lenye injini ya V8. Sisi hatuna ziwa lililokauka, tushukuru Mungu, wala Ford ya 1932 sijaiona Kanda ya Ziwa yote. Mwenzetu alikuwa na Land Rover, pikapu ndefu ya miaka ya sitini, iliyokaa chini ya mwamba nyuma ya nyumba yake mpaka kuku wakaifanya kwao.

Wengi hudhani Land Rover ni chuma tupu. Ilipotoka mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo maana bodi ya mwenzetu ilikuwa nzima baada ya mvua zote hizo, na chesisi, ambayo ni chuma, ilikuwa imeliwa nyuma kama mkate uliopitiwa na panya. Ndiyo maana pia fundi wetu wa kuchomelea, hodari wa mageti na matrela, aliigusa bodi mara moja tu ikatoboka. Aluminiamu haichomelewi na mashine ile. Tulirudi kwenye ribiti, moja baada ya nyingine, kama walivyofanya wenyewe kiwandani.

Sasa kosa letu. Naliita letu, ila mwenyekiti ni mimi.

Mwezi Mei alilazwa wiki tatu. Tukaona tumshtukize kwa kazi kubwa: tupunguze paa. Anayo kaunta buku aliyochora gari zima tangu akiwa na afya, kila kipimo kimeandikwa. Paa limeandikwa inchi 3. Jumamosi ile tulikuwa kumi na mmoja, kila mmoja ana jicho lake, na mmoja akasema inchi 3 hazionekani, hotrodi ya kweli ni inchi 5. Tukakata 5. Tulikata fremu ya kioo cha mbele, tukakata sehemu za juu za milango, tukapiga picha, tukanywa soda, tukaondoka tumefurahi. Tulishika usemi wa mgonjwa haulizwi uji, tukasahau kwamba hapa yeye ndiye mpishi.

Aliporudi tulimkalisha kwenye kiti. Ni mtu mrefu. Kichwa kiligusa paa, na macho yake yakawa sawasawa na ukingo wa juu wa kioo, haoni mbele mpaka ainame. Alikaa humo muda tuliouona mrefu sana. Kisha akasema, "Sanduku nitaingia siku nyingine. Leo nilitaka gari." Wengine walicheka. Shemeji hakucheka, aliingia ndani.

Kurudisha inchi 2 za chuma si kazi ya dakika. Fremu nyingine na milango tuliipata Ukerewe, kwenye Land Rover iliyokufa zamani, ikaja na meli kutoka Nansio. Tukakata upya, inchi 3, yeye akiwa amekaa kando na kaunta buku mapajani, akikagua alama ya chokaa kabla ya grinda kuwashwa. Miezi miwili na zaidi ilipotea hapo. Tangu siku hiyo tuna sheria isiyo kwenye katiba: hakuna chuma kinachokatwa asubuhi ambayo mwenye gari hayupo.

Kuhusu injini, alichotamani ni V8. Fedha zilitosha injini ya silinda sita ya Toyota Mark II GX 110 iliyopinduka, ile ya lita 2 ambayo kila dereva wa mjini anaijua kwa sauti. Aliipokea bila manung'uniko. Kilichomuuma ni gia boksi, kwa sababu ni otomatiki, na mtu huyu ametukejeli miaka yote sisi wa otomatiki, anatuita abiria wenye usukani. Lakini mkono wake wa kushoto umeunganishwa mishipa, ndipo sindano za mashine zinapoingia. Mkono huo haubebi uzito, haubanwi na saa, haupimwi presha. Na kwa magari yetu, mkono wa kushoto ndio wa gia. Alilikubali hilo peke yake, Alhamisi moja, bila sisi kumshauri. Aliniambia tu, "Andika otomatiki." Nikaandika.

Muuzaji wa injini, ambaye simtaji, alikata waya za kontrol boksi, kompyuta inayoiongoza injini, kwa kisu ili aitoe haraka. Kijana wetu wa umeme alikaa wiki tatu akiunganisha waya moja moja kwa rangi zake, jioni baada ya kazi, tochi mdomoni. Kama kuna mtu anastahili makofi leo, ni yeye. Wabeja sana, yaani asante, mdogo wangu.

Kisa cha difu, zile gia za kwenye mhimili wa nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu, wengi mmekisikia nusunusu. Tulikuwa tunapima propela, fimbo inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu, ili tukaiongezee urefu. Mwenzetu ametoka Bugando, amelala kwenye mkeka kibarazani, tukidhani amesinzia. Akauliza, "Mnapima kutoka wapi kwenda wapi?" Tukamwambia. Akasema difu ya Land Rover haiko katikati, imekaa upande wa kulia, na gia boksi ya Toyota inatokea katikati. Propela itakwenda mshazari na krosi, viungo vyake vya mwishoni, hazitamaliza mwezi. Tukaingia chini na futi. Kweli. Ilibidi tununue mhimili mzima wa nyuma wa Hilux, pamoja na breki zake, na ni bora hivyo, kwa sababu difu ya Land Rover ina meno ya kupandia mlima na ingeichosha injini ile barabarani. Sote tulikuwa tumesimama pale na spana mkononi. Aliyeona ni aliyelala.

Kitanda cha nyuma, pale pa kubebea mizigo, ni cha mbao. Alikijenga fundi wa mitumbwi kutoka Kirumba, si mwanachama, aliletwa na mtu aliyeletwa na mtu. Alitumia mvule, akaziunga mbao zikakaa kama zimeota pamoja. Alipomaliza akauliza kama apige kalafati, azibe maungio maji yasipite. Tukamwambia gari haliingii majini. Akatazama mawingu ya vuli, akatutazama sisi, akasema barabara za Nyasaka anazijua. Malipo alikataa, alichukua vipande vya mvule vilivyobaki.

Injini iliwaka Jumamosi moja ya Novemba, mara ya nne kujaribu, ikanguruma hadi kuku wakahama moja kwa moja. Wiki mbili baadaye tulilivuta hadi uwanja wa mpira wa mtaa, kwa sababu barabarani halijaruhusiwa. Alizunguka mara mbili taratibu, mkono wa kulia kwenye usukani, wa kushoto kwenye paja. Mbuzi wawili walikataa kupisha, akawasubiri. Halafu akasimama, akazima, akanipa ufunguo na kuomba chupa yake ya maji. Nilimuuliza gari likoje. Akasema breki ya mbele kushoto inavuta, na silensa inagonga kwenye chesisi. Yote mawili ni kweli.

Fedha. Ada ziliingia 2,140,000, matumizi ya kawaida yakala 1,315,000, mweka hazina anayo mchanganuo. Kwa gari tulichanga kando, kwa hiari, 4,865,000. Injini na gia boksi 2,100,000, mhimili na difu 650,000, rejeta, bomba na breki 710,000, chuma, ribiti na kuchomelea 540,000, tairi 480,000. Zimebaki 385,000. Fremu ya Ukerewe na nauli yake haimo humo. Tulioshika grinda ile Jumamosi ya Mei tuliilipa mifukoni mwetu, na nashauri iendelee kuwa hivyo kwa makosa ya aina hiyo.

Kuna wanachama wawili walioandika kwamba chama kimegeuzwa gereji ya mtu mmoja. Nimewasoma mara mbili. Wana haki kuhusu maonyesho: tuliyaahidi, na mwaka huu yafanyike hata kama ni magari matano. Kuhusu gari, sina jibu zaidi ya kwamba watu wanne kati ya wale sita wapya waliingia chamani kupitia ule ua wa Nyasaka, wakija kushika tochi.

Yaliyobaki. Kadi ya gari inapaswa kurekebishwa TRA, Mamlaka ya Mapato, kwa sababu namba ya injini si ile tena, na kabla ya hapo ukaguzi wa polisi. Madigadi yatarudishwa, membamba. Najua hotrodi halisi halina, lakini trafiki wetu hatamwelewa kijana wa California, na matope ya Machi hayamwelewi mtu yeyote. Rangi hajachagua. Naomba tusiipigie kura. Anasema anafikiria, na akifikiria mwaka mzima ni sawa.

Wanaoniuliza habari za kupandikizwa figo, najua huduma hiyo inapatikana Muhimbili na Dodoma, nanyi mnajua. Ni mazungumzo ya familia yake. Si ajenda yetu, na msimuulize akiwa chini ya gari.

Jambo la mwisho nilipaswa kulisema tangu Machi. Maji anayokunywa kwa siku yanapimwa, chai imo humo humo, soda imo humo humo. Jua la saa nane linapiga ule mwamba, nasi tunakaa mbele yake na kreti. Hajawahi kulalamika, lakini nimemwona akitazama chupa zetu kuliko injini. Kikao kijacho ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, kwake Nyasaka, tunashughulikia ile breki. Atakayekuja na kinywaji akiache kwenye gari lake.

Mwenyekiti