Redio za Tanga, msifute sauti za wazee wetu

Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kidogo niseme na ndugu zetu wa redio hapa Tanga, sina ugomvi na mtu ila hili limenikaa rohoni.

Juzijuzi redio moja ya hapa mjini ilimleta mzee aliyekuwa kuli bandarini. Vijana wengi hawajui kwamba zamani meli kubwa hazikufunga gatini Tanga, kina kilikuwa mita 3 tu, meli inatia nanga huko nje na mzigo unashushwa kwenye matishari (vyombo bapa vya kubebea mizigo), tishari linavutwa mpaka gatini halafu mzigo unashushwa tena, yaani gunia moja kazi mara mbili. Basi mzee akawa anaelezea siku za upepo wa kusi, tishari linapanda linashuka ubavuni mwa meli, slingi (kamba za kunyanyulia mzigo) inaning'inia juu ya vichwa vyao, na yule anayempa ishara mtu wa winchi kwa mkono ndo kashika roho za wenzake wote. Akasema ukitaka kurukia ngazi unasubiri tishari lifike juu kabisa, ukiruka likiwa linashuka mguu unauacha hapo. Mi chai ilipoa. Mtangazaji akamkatiza, "sawa mzee, una ujumbe gani kwa vijana?" Likaingia tangazo la magodoro!

Nikaenda na flashi yangu kuomba kile kipindi. Wakaniambia kwa upole tu, kimefutwa, kompyuta ilijaa.

Sasa tupige hesabu. Kipindi cha saa moja kwa MP3 ya kawaida ya kbps 128 kinakula kama MB 58, flashi ya GB 64 ambayo watoto wanajazia singeli inabeba vipindi zaidi ya 1,000. Kwa hiyo tusidanganyane, nafasi ipo, tatizo hatuoni kama maneno ya kuli ni kitu cha kuwekwa. Na bandari imeshachimbwa hadi mita 13, meli zinafunga gatini, ile kazi ya nje kwenye matishari imekwisha, hao waliobaki wakiondoka nani atatusimulia?

Kulikuwa na jamaa mmoja Chicago, Studs Terkel, kakaa redio ya WFMT kuanzia 1952 mpaka 1997. Kasomea sheria lakini hakuifanyia kazi, yeye kazi yake kuongea na watu. Kamhoji Muhammad Ali, kamhoji Martin Luther King, na hapohapo akamfuata mhudumu wa hoteli na mchimba makaburi akawauliza kazi yao inakwendaje siku nzima, na aliwasikiliza kwa heshima ileile. Mashine ya kurekodia ilikuwa inampiga chenga kila mara, wakati mwingine anayehojiwa ndo anamwonyesha, na watu wakimwona anahangaika vile wanamzoea wanafunguka. Leo kanda zake ni maelfu, zimeingizwa kwenye mtandao tangu 2018, hata mimi huku Ngamiani nazisikiliza bando likiwepo.

Hata hapa kwetu mtu asiseme haiwezekani. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi zetu wenyewe, tunazisikia mpaka leo kwa sababu Radio Tanzania Dar es Salaam walirekodi na mikanda ikawekwa. Nyimbo tunazo. Lakini mpiga gitaa mwenyewe akieleza gitaa alilipata wapi, mshahara walilipwaje, nani aligombana na nani mpaka bendi ikavunjika (maana bendi za Tanga kuvunjika ndo zenyewe), hayo mi sijawahi kuyasikia. Msanii akija studio siku hizi anaulizwa ana mpenzi au hana.

Ombi langu dogo tu. Mkimleta mtu wa kazi mpeni saa nzima, msimkatize, muulizeni mikono yake ilifanya nini na sio ana ujumbe gani. Mwombeni ruhusa ya kuhifadhi, andikeni jina, tarehe na mahali, kopi moja ibaki studio, nyingine ipelekwe maktaba ya mkoa.

Na wa kuanza nao wapo. Mkonge uliletwa Pangani 1893, ukaja kulisha nchi nzima, na wale walioletwa kama manamba (vibarua wa mashambani) kutoka Kigoma na Songea wengi tumeshawazika, lakini watoto wao waliozaliwa kambini wapo, wamesimama kwenye korona (mashine ya kuchakata mkonge) tangu ujana, wanajua singa nzuri, yaani nyuzi za mkonge, kwa kuishika tu. Mkitaka kuonyeshwa wanapokaa semeni, baiskeli ninayo, na nauli sitawadai.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga