Kabla ya kulipa ada ya klabu ya mbwa, njoo utazame kwanza

Mteja mpya akiipigia simu klabu yetu ya michezo ya mbwa, huuliza kwanza ada ni kiasi gani, kisha tumeshinda vikombe vingapi. Tunamjibu yote mawili, halafu tunamwomba aje uwanjani siku ya mazoezi bila mbwa wake, akae pembeni saa nzima atazame. Iombe hivyo hivyo klabu yoyote unayoifikiria. Ikikataa, tafuta nyingine.

Ukishakaa, usimtazame mbwa hodari. Mtazame anayeshindwa. Kwenye ajiliti, yaani mchezo wa vizuizi, kuna nguzo 12 zilizopangwa mstari mmoja, sentimita 60 kutoka nguzo hadi nguzo. Mbwa anatakiwa aingie nguzo ya kwanza ikiwa kushoto kwake, kisha apenye kwa zigizaga hadi mwisho bila kuruka hata moja. Anayejifunza lazima ataruka. Hapo ndipo umwangalie mkufunzi. Akifoka au akiivuta kamba kwa ghafla, mbwa anaanza kuziogopa zile nguzo: zamu ijayo anaingia polepole, masikio nyuma, anajilambalamba pua. Mkufunzi anayejua kazi hatamgombeza. Atapunguza nguzo zibaki 4, au atazitanua pawe na njia katikati, ili mbwa apatie, na akipatia atuzwe pale pale. Tuzo ikichelewa sekunde chache tu, mbwa ameshageuka, ameshanusa majani, na kwa akili yake ametuzwa kwa kunusa majani.

Jambo linalotuumiza zaidi ni watoto wa mbwa kurukishwa. Wenye mbwa hutuambia samaki mkunje angali mbichi. Kwa utii ni kweli kabisa. Kwa kuruka, hapana. Karibu na ncha za mifupa ya mbwa mchanga kuna sehemu laini ambazo bado zinakua, na kwa mbwa wa maumbo makubwa hukomaa baadaye kuliko kwa wadogo. Zikiumia, mguu unaweza kukua umepinda. Kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, hazimruhusu mbwa kushindana ajiliti kabla ya miezi 18. Kwetu mtoto wa mbwa hupita juu ya fito zilizolazwa chini, huingia handaki fupi lililonyooka, hujifunza kusubiri na kugeuka pamoja na mwenye mbwa. Wapo waliotuhama kwa sababu hiyo, na bado hatujabadilisha utaratibu.

Kwenye mchezo wa IGP, uliokuwa ukiitwa IPO hadi 2019, kuna sehemu tatu: kufuata nyayo kwa harufu, utii na ulinzi. Klabu inayokupeleka moja kwa moja kwenye kuuma, yaani ulinzi, imeruka sehemu mbili za kwanza. Kabla hata ya kuingia daraja la kwanza, mbwa hupimwa utii na utulivu wake mbele ya watu, magari na mbwa wengine. Kisha mchunguze msaidizi, yule anayevaa mkono mnene wa kinga ambao mbwa huuma. Yeye ndiye anayemsoma mbwa, anajua lini aongeze shinikizo na lini amwachie ashinde. Msaidizi mbaya anaweza kumvunja moyo mbwa mchanga kwa siku moja, na kumrejesha huchukua miezi.

Angalia pia wanaosubiri zamu. Katika saa nzima, mbwa mmoja hufanya kazi dakika chache tu. Muda uliobaki yuko wapi? Apumzike kivulini, na maji karibu, mbali na pua za wenzake. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, kwa hiyo siku ya joto kali klabu nzuri hufupisha mazoezi au huyaahirisha, hata kama watu wameshafika.

Mwisho, muulize mkufunzi ni lini amewahi kumwambia mteja kwamba mchezo huu haumfai mbwa wake. Sisi tumewahi, na tukarudisha ada iliyobaki. Mbwa yule alikuwa akitetemeka kila akiona vizuizi, lakini pua yake ilikuwa ya ajabu. Sasa anafuata nyayo, na anafika uwanjani akimvuta mwenyewe kwa furaha.